Taa za Ziada za Dereva Anselim

Baba yangu aliitwa Dereva. Jina alilobatizwa lilikuwa Anselim, lakini sikumbuki kulisikia likitumiwa ila na padri, na padri mwenyewe alikuwa akilitaja kwa kusitasita, kama anayemtaja mtu mwingine. Mama yangu, Fausta, alimwita Dereva hata walipokuwa wanagombana. Sisi watoto tulimwita baba mbele yake, na Dereva akiisha kutoka.

Alijifunza gari kwenye malori ya Wachina, wakati reli inajengwa kule Mlimba. Akatoka pale na leseni na maneno machache ya Kichina ambayo aliyatumia kutukania gari tu. Baada ya hapo aliendesha gari la mradi mmoja wa visima kwa miaka mingi. Mradi ulipokwisha, wenye mradi walirudi kwao wakamwachia Landrova ya chesisi ndefu, ambayo wakati huo ilikuwa imefikia umri wa kuoa. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba akaigeuza gari la abiria na mpunga, kutoka stesheni ya Ifakara kwenda Idete hadi Namawala.

Treni haikuwa na saa. Ilifika ilipotaka, na mara nyingi ilitaka kufika jua likizama. Wenye magari wengine hawakupenda kuingia njia ya Namawala giza likikaribia, kwa sababu ya matope na madaraja ya magogo. Baba alipenda. Mtu akishuka kwenye treni na mizigo yake, akauliza kama kuna gari la kwenda Namawala jioni hiyo, watu walimjibu, "Mwulize Dereva." Heshima ya baba mjini ilikuwa hiyo. Hakuwa na nyingine, wala hakuitafuta.

Mume wangu ni Evodius. Baba yake alitoka Bukoba kuja kukata miwa kwenye mashamba ya sukari, na yeye akakulia huko kambini. Alianza kwa kutengeneza baiskeli hapa mtaani kwetu Kibaoni, na kwa kuwa mji wetu kila mtu ana baiskeli, hakukosa kazi. Baadaye akajifunza umeme wa magari kwa fundi mmoja wa pale mashambani. Ni mtu mpole, ana subira, na ana kichwa kigumu kama nati iliyoshika kutu.

Tulipooana, Evodius alianza kushika mila ya ukwe kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Akimwona baba alisimama mbali, akainamisha uso na kusema, "Shikamoo, baba." Baba aliitikia, "Marahaba," akiangalia ukuta. Baada ya hapo hawakusemeshana tena. Neno lolote lililobaki lilipitia kwangu.

"Mwambie mumeo betri imekwisha maji."

"Baba anasema betri imekwisha maji."

"Mwambie baba nitaiangalia leo."

"Anasema ataiangalia leo."

Haya yote yalisemwa na watu watatu waliosimama kwenye kivuli kimoja. Evodius hakumpa baba kitu mkononi. Alikiweka chini, akarudi nyuma, ndipo baba akakiokota. Nilimwuliza mume wangu sababu, akasema ni mila. Nilimwuliza baba, naye akasema ni mila, tena kwa sauti ya mtu anayevumilia. Basi nikawa napeleka na kurudisha maneno, huku mtoto mgongoni na ugali jikoni unaungua.

Mwaka 1996, baada ya mavuno, baba akaanza kusema kwamba taa za Landrova zimechoka. Mwanzoni hakuna aliyeshangaa, kwani gari lenyewe lilikuwa limechoka. Akanunua kwa dereva wa lori la sukari taa mbili za ziada, zile za mviringo ambazo watu huziita spoti, kubwa kama mifuniko ya sufuria. Alizifunga mwenyewe kwenye ngao ya mbele. Alisema mtu aliyefundishwa na Wachina hafungiwi taa na mtu mwingine.

Njia ya Namawala inatikisa gari mpaka meno, na baba alijua taa zikitikisika globu zake hazidumu. Kwa hiyo alikata tyubu ya baiskeli vipande, akaviweka chini ya kila mguu wa taa, na vingine chini ya kila nati. Kwa upande wa kutikisika, wazo lilikuwa zuri. Akavuta waya mmoja mpaka kwenye swichi karibu na usukani, akabonyeza. Hakuna kilichotokea. Ndipo akagundua kwamba kila taa ina kipande kingine cha waya mweusi, kifupi, kinaning'inia tu. Baba hakuweza kuona waya umekaa bila kazi. Akaviunga vyote viwili kwenye waya wa kwanza aliokutana nao, ambao ulikuwa wa taa kubwa.

Sasa taa zikawaka, lakini kwa namna yake. Ukizibonyeza peke yake zilitoa mwanga wa njano, kama papai lililoiva sana. Ukiwasha taa kubwa, zenyewe zilizima. Kwa muda fulani baba aliendesha akiwa na taa za ziada zinazofanya kazi pale tu ambapo taa nyingine hazifanyi. Kisha akaleta gari kwa Evodius.

Evodius aliichuchumalia ile Landrova mchana mzima. Alikuwa na taa yake ya kupimia, globu ndogo yenye nyaya mbili: mmoja aliubana kwenye chuma cha gari, mwingine alichokonolea huku na huku. Jioni, tukiwa nyumbani, alinieleza. Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi, na kwenye gari unarudia bodi, yaani chuma chenyewe, kama vile dainamo ya baiskeli inavyotumia waya mmoja na fremu ikafanya kazi ya waya wa pili. Pale kwenye ngao mipira imeziba njia ya kurudi. Ule waya mweusi nao umeulazimisha umeme urudie kwenye taa kubwa. Taa kubwa zikiwashwa, umeme unasukumwa kutoka pande zote mbili, unabaki umesimama tu.

Nilimwelewa vizuri kabisa.

"Nani aliweka mipira?" nikauliza.

"Baba."

"Na waya mweusi?"

"Baba."

"Basi mwambie."

Aliniangalia kama niliyemtuma akamchape askofu makofi.

Asubuhi tulisimama sote watatu mbele ya gari. Baba alikuwa amevaa kofia yake ya mradi. Evodius alikuwa anayasoma mawe ya chini.

"Mwambie baba," Evodius akasema, "kwamba panya wametafuna waya."

Nilimtazama. Hakuinua uso.

"Baba, anasema panya wametafuna waya."

"Mwambie mumeo, panya wanafuata nini kwenye gari?"

"Mwambie baba ni kwa sababu ya mpunga anaobeba. Punje zinadondoka."

Baba alifikiri, akakubali kwamba jambo hilo lina maana. Evodius akatoa mipira yote, akakwangua rangi mpaka chuma kikakutana na chuma, akautoa waya mweusi kwenye taa kubwa na kuufunga kwenye bodi kwa boliti yake. Kesho yake baba akatafuta paka. Lilikuwa dume jekundu, lenye sikio moja, alilolipata Idete. Safari ya kwanza lilitapikia begi la mwalimu mmoja aliyekuwa anaripoti shule mpya. Baadaye likazoea, likawa linasafiri juu ya dashibodi, na abiria wakaliita Utingo. Mwalimu hakupanda tena gari lile.

Spoti sasa zilikuwa zinawaka. Si kwamba ziliwaka kidogo. Evodius alikuwa ameweka na kidude kiitwacho rilei, ili umeme utoke moja kwa moja kwenye betri bila kuzunguka mpaka kwenye swichi, na mchana kweupe ukisimama mbele ya gari ulilazimika kufumba macho. Mbuzi wa Kibaoni walikuwa wanapisha kabla honi haijapigwa. Nilimwonea fahari mume wangu.

Haikupita muda baba akarudi.

"Mwambie mumeo taa bado hafifu."

Evodius akapima kwa mita. Umeme uliofika kwenye taa ulikuwa sawasawa na ule uliotoka kwenye betri. Hata hivyo alibadilisha waya akaweka mnene zaidi. Baba akaja tena, akasema bado. Evodius akabadilisha globu. Bado. Akafungua altaneta inayochaji betri, akaisafisha, akairudisha. Bado. Akaanza kuitilia shaka mita yake, akaazima nyingine kwa jirani, nayo ikasema yale yale. Akaing'oa swichi, akaja nayo nyumbani, akaiweka karibu na kitanda, akawa anaiwasha na kuizima hata wakati wa kusali. Mume wangu alikonda. Nilimpikia kambare, nilimpikia kuku; alikula huku anaangalia ukuta na kusema, "Labda ni fyuzi."

Mwisho akasema labda taa hazijaelekezwa vizuri. Nyuma ya kibanda chake kuna ukuta wa ghala la mpunga, uliopakwa chokaa. Siku moja, jua lilipokuwa limeshuka na giza linaanza kuingia, alisimamisha Landrova mbele ya ukuta ule, akachora alama kwa mkaa pale ambapo mwanga unapaswa kugonga. Baba alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mkaguzi. Mimi nilikuwepo kwa sababu bila mimi wasingeweza kusemezana.

Evodius akawasha taa zote. Ukuta ukawa mweupe mpaka kila ufa ulionekana, na mjusi aliyekuwa juu akaganda pale pale. Mimi niliweka kiganja usoni.

Baba alikuwa bado anaangalia ukuta. Alisubiri kidogo, akakohoa.

"Mwambie mumeo awashe basi," akasema.

Nilimtazama Evodius kupitia kioo cha mbele cha gari. Naye alinitazama. Halafu akaizima swichi, akaiwasha tena, kwa nguvu, ile sauti yake ya *tak* ikasikika.

"Hapo afadhali kidogo," baba akasema.

Tulirudi nyumbani. Nilipofunga mlango nikamwambia mume wangu, "Baba haoni."

"Usimseme hivyo mkwe wangu," akajibu.

"Haoni, Evodius. Amesikia swichi."

"Nimejua. Sasa unataka mimi, mkwe, nikasimame mbele ya baba mzazi wa mke wangu, nimwambie macho yake hayafai? Bora niongeze waya."

Nilikwenda kwa mama. Nilimkuta anapepeta mchele uani.

"Mama, baba haoni vizuri."

"Najua," akasema, akiendelea kupepeta.

"Tangu lini?"

"Tangu alipomkaribisha mbuzi wa jirani aingie ndani, akamwuliza habari za Mlimba."

"Na hukusema?"

Hapo aliuweka ungo chini. "Nimwambie Dereva haoni, halafu nimwiteje?"

Nilikwenda mpaka hospitali, nikamweleza muuguzi mmoja ninayesali naye. Alisema huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni jambo lingine, lakini yaletwe macho yenyewe yaonekane. Nikamwomba baba twende akapimwe. Akaniambia macho yake yaliwaona Wachina wakipasua mlima, hayana haja ya kuonyeshwa kwa mtu. Akaenda stesheni kusubiri treni.

Nikaogopa. Ndani ya lile gari walikuwa wanapanda watu, wanawake na watoto wao, na huko njiani walikuwepo wenye baiskeli na wenye mizigo vichwani. Usiku niliota madaraja. Basi siku iliyofuata nikasema nakwenda kumwona rafiki yangu Namawala, nikapanda Landrova mwenyewe. Treni ilifika mapema kwa kiwango chake: jua ndiyo kwanza lilikuwa limezama na anga bado jekundu upande wa milima.

Kiti cha mbele alikaa Shilinde, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa na ng'ombe wake mbele ya Namawala, abiria wa siku zote. Sisi wengine tulijaa nyuma. Tulipoacha mji, Shilinde akaanza mazungumzo.

"Naona kuna bwana na baiskeli kushoto kwetu hapo," akasema kwa sauti ya kupitisha muda. "Kabeba mkaa."

"Ee, na mwenzake anamfuata," mama mmoja wa nyuma akaongeza. "Magunia makubwa kweli."

Baba akapeleka usukani kulia kidogo. "Nimewaona," akasema.

"Daraja la magogo hilo," akasema kijana aliyekuwa amening'inia mlangoni. "Leo limekaa kulia zaidi, sijui kwa nini."

"Maji yamelisogeza," akasema yule mama. "Kulia hasa."

"Nimeliona," baba akasema, akaenda kulia hasa.

"Mbele pale pana shimo, baba," Shilinde akaendelea. "Jana nilianguka humo. Shimo lenyewe halina aibu, lipo katikati kabisa."

"Nalijua hilo."

Mwanzoni nilidhani nimepanda na watu wasemaji. Kisha nikaona kwamba hakuna aliyezungumza habari nyingine. Hakuna aliyesema bei ya mpunga, hakuna aliyesengenya, hakuna aliyesinzia. Walikuwa wanapokezana kama kwaya. Ng'ombe wakiwa mbele, mtu alisifu rangi zao na upande walikosimama. Mtoto akivuka njia, mtu aliuliza mtoto wa nani yule anayevuka. Spoti za Evodius zilikuwa zinamulika mpaka kwenye majani ya mwisho, kila mtu anaona kila kitu, isipokuwa aliyeshika usukani. Na baba aliendesha vizuri. Gia aliingiza bila kelele, mlima aliupanda bila papara.

Namawala, nilimvuta Shilinde pembeni. Shati lake lilikuwa limelowa jasho.

"Kaka, tangu lini?"

"Aa, kitambo, dada yangu," akasema, akijifuta shingo.

"Na mnapanda?"

"Sasa tumwambie nini mzee? Mwaka ule nilipokuja huku na familia, mvua zimekata njia, magari yote yalikataa. Yeye alitubeba. Tunamsaidia mazungumzo tu." Akafikiri. "Ila anachosha. Mke wangu anasema nikifika nyumbani siongei tena."

Nilicheka. Kisha nikazunguka nyuma ya Landrova nikalia, maana nilimwonea baba huruma, na niliwaonea wote wale huruma, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua ni ya nani.

Siku chache baadaye treni ilishusha watu wageni watupu, wasiojua kwamba kwenye gari lile abiria anatakiwa aongee. Walikaa kimya, kama watu wenye adabu. Gari lilipokuwa linatoka Kibaoni, magharibi ile, baba alikanyaga baiskeli ya Konsolata, muuza samaki wa kukaanga. Konsolata mwenyewe aliruka mtaroni na beseni lake. Hakuumia, ila samaki wote walikwenda na maji. Kesho yake alileta gurudumu lililopinda kwa Evodius, kwani baiskeli bado alikuwa anatengeneza.

"Sielewi," akamwambia. "Taa zote zilikuwa zinawaka. Mwanga ulikuwa mwingi mpaka mimi ndiye sikuona. Sasa yeye alishindwaje kuniona mimi?"

Evodius alilishika lile gurudumu muda mrefu bila kulifanyia kitu.

Baba naye akafika. Alishuka garini polepole, akaishika bodi kwa mkono mpaka mbele. Konsolata alimwamkia, akasema hana neno, samaki huvuliwa tena, akaondoka. Tukabaki watatu.

"Mwambie mumeo," baba akasema, "aongeze taa nyingine mbili, juu ya paa. Jana sikuona vizuri."

Evodius akajibu, "Mwambie baba nitazitafuta."

Nilifungua mdomo nipeleke neno hilo, kama nilivyopeleka mengine yote tangu harusi yetu. Lakini niliona kile chuma kilichopinda mikononi mwa mume wangu, nikaona kwamba kesho kitakuwa kichwa cha mtu. Nikapeleka neno ambalo sikutumwa.

"Baba," nikasema, "Evodius anasema taa hazina ugonjwa. Amezipima zote na nyaya zake. Anasema kinachoumwa ni macho yako, na kwamba usiendeshe tena gari."

Gurudumu lilimdondoka Evodius likamgonga mguuni.

Baba alikuwa ameweka mkono juu ya boneti. Hakuuondoa. Nilidhani atanilaani.

"Mwambie mumeo," akasema mwishowe, "amechukua muda mrefu sana."

Sikuelewa.

"Gari likiwa bovu, dereva halikatai mwenyewe," akaendelea. "Analipeleka kwa fundi. Fundi akisema hili lisitembee, halitembei, na hakuna wa kumcheka dereva. Tangu mavuno naleta. Nikasema, huyu ni fundi, ataona, atasema. Kila nikija ananiongezea waya." Akagonga boneti. "Mwambie, huko kwao Bukoba mila ni kali kiasi hicho? Mtu anamwona baba mkwe wake anapotea, asimwambie?"

"Kwetu?" Evodius akaniuliza mimi. Kisha akasahau kuniangalia. "Kwetu hakuna mila hiyo. Kwetu mkwe unakaa naye, mnakunywa rubisi ya ndizi mnacheka. Hii ni ya huku kwenu. Aliniambia mjomba Fulgensi siku ya harusi. Alisema nikimsemesha baba, watoto watazaliwa bubu."

Mjomba Fulgensi alikuwa kaka yake mama. Siku ya harusi yetu alikuwa amelewa tangu kabla ya misa, na kabla ya hapo alikuwa mtu wa mzaha. Alikwisha fariki, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwuliza.

"Fulgensi?" baba akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilisema ni mila ya kwenu. Nikasema huyu ni mgeni, ndivyo walivyomlea, tumvumilie."

Wangeweza kucheka. Mimi sikucheka. Nilifikiria maneno yote niliyobeba kati ya watu wawili waliosimama karibu kiasi cha kusikia tumbo la mwenzake likinguruma. Nilifikiria panya na paka, zile nyaya, lile shati la Shilinde. Niliwaambia kwamba kama betri ingekuwa nyepesi ningewarushia. Wote wawili waliangalia chini, na mara hiyo walifanana kama mtu na mwanawe.

"Twende hospitali," baba akasema. Hakusema nimwambie nani.

Evodius alifuta mikono kwa tambara. Baba alikwenda mlango wa dereva, akaushika, akakaa nao kidogo. Kisha akauachia, akalizunguka gari akipapasa boneti kwa kiganja, mpaka upande wa pili.

Mlango ule wa abiria, tangu enzi za mradi, haufunguki kwa kuvuta. Lazima kitasa ukiinue kwanza ndipo uvute. Stesheni nzima ilijua hivyo, na Namawala yote. Baba hakuwahi kuingia kwa upande ule. Alivuta, haukufunguka. Akabonyeza, akavuta tena. Akapiga bega. Sisi tulisimama tunamwangalia.

Evodius akamfuata. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba, akauinua pamoja na kitasa.

"Unainua kwanza, baba," akamwambia.

"Ahaa," baba akasema. "Asante, mwanangu."

Mlango ukafunguka. Baba alitafuta pa kukanyaga kwa mguu, akapanda, akakaa. Akaweka mikono yote miwili juu ya magoti, akaitoa, akairudisha tena, maana hakujua anayekaa upande ule huiweka wapi.